Karatasi Zilizo Nyuma ya Kioo

"Ina sauti, ila picha hamna." Fundi wa televisheni anayeijua kazi yake akisikia hivyo hafungui hata skrubu moja kabla ya kuchukua tochi. Anafunga pazia, anaiwasha TV, anamulika kioo kwa mshazari, kisha anainama na kutazama kwa makini. Ndani ya weusi ule mtangazaji wa taarifa ya habari anaonekana kwa mbali, midomo ikicheza. "Kioo ni kizima, mama," anamwambia mwenye mali. "Zilizokufa ni taa."

Nimekaa kwenye vibanda vya mafundi wa aina hii Msalato, Dodoma, kandokando ya barabara ya Arusha, na sijachoka kuwatazama. Kubadilisha taa kwenyewe ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuzifikia, maana kati ya kioo na taa zipo karatasi, na ubora wa picha tunayoisifia sebuleni unategemea karatasi hizo kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kioo cha TV ya aina hii hakitoi mwanga. Ni vioo viwili vyembamba vilivyobana kati yake fuwele za kimiminika, na mwanga wote unatoka nyuma, kwenye taa ndogo za LED zilizopangwa kwenye mikanda. Kukitoa kioo hicho kunataka watu wawili na pumzi iliyotulia, kwa sababu ukingoni pameshikizwa nyaya bapa laini mno. Waya mmoja ukikunjika vibaya, mistari inabaki juu ya picha na haifutiki tena.

Kioo kikishawekwa pembeni, karatasi zinaanza kutoka moja baada ya nyingine. Ile ninayoipenda zaidi ukiishika unaona plastiki ya kawaida inayong'aa kidogo. Pitisha ukucha juu yake, utasikia mkwaruzo mwembamba: upande mmoja umejaa matuta, takriban 20 ndani ya milimita moja. Itazame taa kupitia hiyo, nayo taa inakuwa mbili. Matuta hayo yanaupinda mwanga uliokuwa unakwenda ovyo pembeni, unaelekea mbele aliko mtazamaji. Na mwanga usiofika kwa pembe inayotakiwa unarudishwa nyuma, unagonga karatasi nyeupe iliyo chini kabisa, unapewa nafasi nyingine ya kupita. Chini ya matuta kuna bamba zito la rangi ya maziwa linalousambaza mwanga, ili usione vidoti vya taa moja moja.

Juu na chini ya kioo kumebandikwa karatasi za aina nyingine tena. Mawimbi ya mwanga hutikisika kila upande, na karatasi hii hupitisha yanayotikisika upande mmoja tu. Fundi huwa ametunza vipande alivyobandua kwenye vioo vilivyovunjika. Anakiweka kimoja juu ya kingine, mwanga unapita. Anakizungusha cha juu robo duara, panakuwa giza tupu. Edwin Land wa Marekani ndiye aliyegundua, mwaka 1929, jinsi ya kutengeneza karatasi ya namna hii kwa bei nafuu. Bila hiyo fuwele zingejikunja na kujikunjua bila sisi kuona chochote.

Hasara yake ni kwamba nusu ya mwanga inamezwa papo hapo. Watafiti wa kampuni ya 3M walipata dawa: waliweka pamoja mamia ya matabaka ya plastiki za aina mbili kwa kupokezana, kila tabaka jembamba kuliko wimbi la mwanga, na likapatikana jani linalorudisha nyuma ule mwanga ambao ungepotea. Maelezo yao yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Science. Jani hilo lote halifiki hata nusu milimita. Mimi naliheshimu kama ninavyoheshimu daraja kubwa.

Adui wa yote haya Dodoma ni vumbi. Kiangazi upepo unavuma mchana kutwa, na ujenzi wa mji mkuu haupumziki. Punje moja ikinasa kati ya karatasi inakuwa doa kwenye picha, na kuliondoa ni kufungua upya kila kitu. Kwa hiyo fundi hunyunyiza maji sakafuni, hufunga mlango na kuzima feni hata kama joto ni kali. Karatasi anazishika kingoni tu. Kwenye pembe ya kila moja amebandika kijikaratasi chenye namba, kwa maana matuta yakigeuzwa chini juu, mwanga hupungua na mteja atarudi.

Akimaliza, anaweka picha nyeupe tupu na kukikagua kioo pembe hadi pembe, bila haraka. Halafu anapunguza kidogo umeme unaokwenda kwenye taa. Mwanga unashuka kiasi, lakini joto nalo linashuka, na taa zitadumu. Mama akiuliza kwa nini TV haiwaki kama zamani, anaelezwa hayo yote, kisha anakabidhiwa mkanda wa zamani auone mwenyewe: kati ya taa zake, moja ina kidoa cheusi katikati. Zilikuwa zimeungwa kwa mfululizo, na ilipoungua hiyo, nyingine zote zilikosa umeme.