Milimita Kumi na Mbili

Wengi wanaopenda magari husifu mlio na mbio. Mimi namsifu fundi aliyekaa mezani na kalamu, kikokotoo na mikrometa, injini imefunguliwa yote mbele yake na hata nati moja bado hajafunga. Kuisuka upya injini ili pistoni zake zisafiri mbali zaidi ni kazi ya akili kwanza, mikono baadaye.

Chukua 4G63 ya Mitsubishi, injini iliyobebwa na Lancer Evolution ya kwanza mpaka ya tisa. Wapenzi wa Safari Rally wanaijua: Tommi Mäkinen alishinda nayo Kenya mwaka 1996, akashinda tena 2001. Ikitoka kiwandani, silinda yake ina kipenyo cha milimita 85 na pistoni husafiri milimita 88. Jumla ya ujazo ni sisi (cc) 1,997. Ndugu yake 4G64 ana kranki inayoisafirisha pistoni milimita 100. Itie kranki hiyo kwenye bloku ya 4G63, tanua silinda nusu milimita, umepata lita 2.3 na gari linalovuta mapema, kabla mizunguko haijapanda sana.

Kwa mdomo ni rahisi hivyo. Lakini zile milimita 12 zilizoongezeka hugawanyika: pistoni inapanda 6 zaidi na kushuka 6 zaidi, na bloku haikurefuka. Ukibakiza konrodi ileile ya milimita 150, pistoni itatokeza juu ya bloku na kugonga silinda hedi. Basi huagizwa pistoni ambayo tundu la pini limepandishwa milimita 6, na tundu likipanda, nafasi ya ringi inabanwa. Hapo hujagusa mgandamizo. Silinda sasa inavuta hewa nyingi zaidi, chumba cha kuwakia ni kilekile. Ule mgandamizo wa 8.8 kwa 1 wa Evolution IX utaruka hadi karibu 10 kwa 1, hatari tupu kwa injini ya turbo inayokunywa petroli ya kituoni. Kwa hiyo kichwa cha pistoni nacho kichimbwe zaidi, takriban sisi 10. Umegusa kimoja, vyote vimekuitikia.

Kisha kuna uamuzi ambao wenye magari hawaupendi. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, wastani wa mwendo wa pistoni unatoka mita 23.5 kwa sekunde na kufika 26.7. Chuma kina mwisho wake. Fundi mwenye msimamo humwambia mteja mapema kwamba injini hii itavuta kwa nguvu chini na katikati, na kule juu itaishia mapema kuliko zamani. Nauheshimu sana ukweli huo unaosemwa kabla hela haijatoka.

Mtazame anapopima ringi. Anaitia moja ndani ya silinda yake yenyewe, anaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, anapitisha kibati chembamba cha kupimia kwenye mwanya wa ncha zake. Anaitoa, anaipiga tupa upande mmoja, mara mbili tatu tu, anairudisha, anapima tena, anaandika. Joto la turbo hutanua ringi. Ncha zikikutana, ringi inang'ang'ania ukutani na kuimega pistoni. Baadaye atafunga konrodi na kuizungusha kranki kwa mkono, polepole, akichungulia kama boliti zinapita salama chini ya silinda. Zikigusa, anaweka alama, anasaga bloku pale pale, anazungusha upya. Hakuna wa kumshangilia saa hizo, na ndizo zinazoamua kama injini itadumu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumkabidhi mtu injini yako, usianze kwa kumuuliza itatoa nguvu za farasi ngapi. Mwombe daftari la vipimo. Akikosa la kukuonyesha, chukua funguo zako utafute fundi mwingine.