Fimbo, zawadi na kibao: kitabu cha Skinner juu ya kufundisha

Kitabu cha B. F. Skinner juu ya ufundi wa kufundisha, The Technology of Teaching, kilitoka Marekani mwaka 1968, na mafundisho yake yangali yamo katika somo la saikolojia wanalopewa walimu. Mapadri wengi hawakipendi. Wanasema: mtu huyu, profesa wa Harvard, alizoeza njiwa kudonoa kwa kuwapa punje, kisha akataka kutuonyesha sisi namna ya kulea watoto wa Mungu. Tena mwaka 1971 aliandika kitabu kingine, Beyond Freedom and Dignity, ambamo uhuru wa mtu unahesabiwa kama hadithi ya wazee. Kwa kitabu hicho cha pili nipo pamoja na wanaokikataa. Cha kwanza ni shauri lingine. Waseminari walio katika staji, wanaosimama mbele ya watoto kila siku, wangekisoma kwa faida, kalamu mkononi.

Chanzo chake ni jambo dogo. Mwezi wa Novemba 1953 Skinner alikwenda kama mzazi kutazama somo la hesabu katika kalasi ya binti yake. Watoto wote walipewa hesabu zile zile. Wenye akili nyepesi walimaliza wakakaa bure, wengine walitoka jasho, na hakuna aliyejua papo hapo kama amepata au amekosa. Ndipo alipotengeneza mashine ya kufundishia: swali moja dogo, jibu, na mara moja mtoto anaona kama ni sawa. Anakadiri kwamba katika miaka minne ya kwanza ya hesabu mtoto angehitaji kuthibitishiwa jibu lake kama mara 25,000, naye mwalimu wa kawaida anaweza kumpa elfu chache tu.

Nguzo ya kitabu ni neno ambalo Thorndike alilionyesha zamani kwa paka wake, mwaka 1898: tendo linalofuatwa na jambo la kupendeza hurudi. Neno hili ni jepesi, hata linachekesha. Lakini tulitie katika kalasi zetu tuone. Mtoto anapiga kelele wakati wa katekismu. Mwalimu anakasirika, anamtoa nje akang'oe majani uwanjani. Huko nje kuna upepo, kuna wapita njia, wala hakuna swali la sakramenti. Mwalimu ameandika katika daftari lake: adhabu. Mtoto angeandika: mshahara. Kesho atapiga kelele tena, na mwalimu atasema ana kichwa kigumu, kumbe ni mwanafunzi hodari, ameshika vizuri sana somo alilopewa.

Mwaka ule ule wa 1968 Wesley Becker na wenzake huko Marekani walipima jambo hili kwa watoto wa mwaka wa kwanza. Walimu walipozidisha kuamuru "Keti!", watoto wenye kusimama waliongezeka. Walipoanza kuwasifu wale waliokaa kwa kazi, wenye kusimama walipungua. Kwa mtoto asiyetazamwa na mtu, hata kukaripiwa ni kutazamwa.

Kurasa zilizo bora kabisa ni zile za fimbo. Skinner anasema mtoto anayetawaliwa kwa uchungu hujifunza kwanza kukimbia. Atachelewa, atatoroka, au atabaki katika benchi na roho yake imekwisha kwenda. Nani kati yetu hajamwona huyo wa mwisho? Na hapa inafaa kumkumbuka Pavlov pia. Mbwa wake hakutoa mate kwa ajili ya chakula tu, alitoa mate kwa ishara iliyotangulia chakula. Basi mtoto anayepigwa kwa sababu hakukumbuka jibu juu ya huruma ya Mungu haogopi fimbo peke yake. Anaogopa na saa ile, na kitabu kile, na sauti ya mwenye kufundisha. Wakatekista wengi huuliza kwa uchungu sababu gani vijana wanapotea wakiisha kupata Kipaimara. Sababu ni nyingi, sitaki kuzitia zote katika kapu moja. Lakini penye katekismu ya fimbo, moja nadhani tunaishika mkononi.

Wala hatukuhitaji kungoja Harvard. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kwanza cha Maungamo, anasimulia alivyopigwa katika masomo, alivyomwomba Mungu asipigwe, na wakubwa walivyomcheka. Anasema tena kwamba Kilatini alikipata bila mateso kati ya walezi wake, lakini Kigiriki cha vitisho kilimchukiza. Don Bosco aliandika mwaka 1877 juu ya njia ya kuzuia kosa kabla halijatendwa, na Wasalesiani wake wako Katanga tangu 1911. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto nayo inataka adabu ya masomo imtendee mtoto kiutu. Na fimbo ingali nyuma ya mlango.

Pa kumkataa Skinner ni hapa: baada ya kuiondoa fimbo, ameweka punje, na anadhani kazi imekwisha. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wadogo waliopenda kuchora. Wengine waliahidiwa cheti chenye nyota na utepe ikiwa watachora. Siku za baadaye, cheti kisipokuwapo, hao walichora karibu nusu tu ya wenzao. Tuwaze basi juu ya picha takatifu na medali tunazogawa kwa ajili ya kuja Misa. Sisemi tuzitupe. Zawadi isiyotazamiwa haikuwadhuru watoto wale. Lakini ile ya kuahidiwa na kuhesabiwa inaweza kumfundisha mtoto kwamba Misa ni kazi, na kazi isiyolipwa huachwa.

Mtakatifu Tomaso, katika swali lake juu ya mwalimu, anamfananisha na mganga: anasaidia nguvu ya kupona iliyomo ndani ya mgonjwa. Skinner anaona tendo tu, na hilo la ndani halimo katika hesabu yake. Ndiyo maana mashine yake inajua kama jibu ni sawa, wala haijui kama limefahamika.

Imebaki faida ya mikono. Tangu mwaka wa masomo wa 2019-2020, wazazi walipoondolewa malipo ya masomo ya msingi ya serikali na ya mapatano, kalasi nyingi zimejaa kupita kiasi, na umeme haupo. Mashine tuiache. Lakini walimu wetu wa zamani wanayo njia iitwayo La Martinière, kwa jina la masomo ya Lyon huko Ufaransa: mwalimu anatoa swali, watoto wanaandika katika ardwazi, anagonga, wote wanainua vibao pamoja, anasahihisha papo hapo. Ndiyo mashine ya Skinner, kwa chaki. Wengi wanaiita mambo ya kizamani, wanamwuliza mtoto mmoja aliye mbele huku wengine wakisinzia. Katekista aijaribu dakika kumi: majina ya sakramenti, mpango wa Misa, nani alimbatiza nani. Kisha aamuru vibao viwekwe chini, aulize kwa nini Petro alilia, na angoje, hata kama hakuna anayejibu upesi.