Kati ya Mwale wa Kwanza na Mgonjwa wa Kwanza

Mashine ya LINAC ya kutibu saratani kwa mionzi ikishafungwa hospitalini, kutoa mionzi kwa mara ya kwanza ni kazi ya siku moja. Fundi wa kampuni iliyoiuza anaketi kwenye chumba cha kuongozea, anabonyeza kitufe, mita inasoma, watu wanapeana mikono. Mgonjwa wa kwanza atapanda kitandani wiki nyingi baadaye, pengine miezi. Kwa mtu wa Same mwenye mama anayeugua saratani ya shingo ya kizazi, muda huo unaonekana kuwa uzembe mtupu: jengo limekwisha, mashine imefika, picha zimepigwa, mbona hawaanzi? Swali lake ni halali na linastahili jibu la kitaalamu. Jibu langu ni kwamba wiki hizo ndizo sehemu ya kazi nzima ambayo mwenye haraka hapaswi kuigusa.

Uhalali wa swali hilo uko kwenye ramani. Kwa miaka mingi, mgonjwa wa Vudee, Chome au Mamba Miamba aliyeandikiwa mionzi alishuka mlimani hadi Same mjini, kisha akapanda basi la karibu kilomita 450 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambako mashine za LINAC zilianza kutumika mwaka 2018. Moshi iko umbali wa kilomita 100 hivi tu kutoka Same, kwa njia ya Mwanga na Himo, na hospitali yake ya KCMC, yenye kituo cha saratani tangu 2016, nayo imejenga jengo la tiba ya mionzi. Dozi ya kawaida kwa saratani ya shingo ya kizazi hugawanywa mara 25, siku tano kwa wiki. Ni wiki tano za kuwa karibu na mashine. Umbali ndio unaoamua nani atamaliza matibabu na nani atayaachia njiani.

LINAC ni kichapuzi cha chembe, cha ukoo mmoja na mitambo mikubwa ya utafiti wa fizikia. Kwenye ncha moja kuna waya unaopashwa moto mpaka unatoa elektroni. Elektroni hizo zinaingia kwenye bomba fupi la shaba lililojaa mawimbi ya redio yanayotetema takribani mara bilioni 3 kwa sekunde. Mawimbi yanazisukuma hadi zaidi ya asilimia 99 ya kasi ya mwanga, kisha zinagonga kipande cha tungsteni, na mgongano huo unazaa eksirei kali za megavolti 6 ambazo ndizo zinazompata mgonjwa. Tofauti na mashine ya kobalti, ambayo chanzo chake hutoa mionzi usiku na mchana na kupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushee, LINAC ikizimwa imezimwa.

Maandalizi yanaanzia kwenye zege. Kwa mionzi ya nguvu hii, kila sentimita 35 hivi za zege zinapunguza mionzi hadi sehemu moja ya kumi ya ilivyokuwa. Ukuta wa mita mbili, basi, unabakiza kama sehemu mbili tu za milioni. Lakini hesabu hiyo inasimama ikiwa tu zege limemwagwa bila mapengo. Tundu la mabomba ya kiyoyozi lililonyooka, au kiungo kati ya zege la jana na la leo, linaweza kuwa mlango. Ndiyo maana mabomba hupitishwa kwa mshazari, na ndiyo maana kipimo cha kwanza kabisa baada ya mashine kuwaka hufanyika nje ya chumba: mtaalamu anazunguka bunka, yaani chumba hicho cha zege, na mita mkononi, ukuta kwa ukuta, mlango, dari, huku mashine ikielekezwa kila upande kwa nguvu zake zote.

Umeme nao una lake. Ndani ya lile bomba la shaba lazima pawe na ombwe, maana elektroni haziwezi kufika popote zikigongana na hewa. Ombwe hilo linatunzwa na pampu inayofanya kazi saa zote, hata mashine ikiwa imelala. Umeme ukikatika kwa muda mrefu na pampu ikakosa akiba, ombwe linaharibika na kulirudisha kunachukua muda. Kwa hiyo betri na jenereta hujaribiwa kwa kukata umeme kweli, wala si kwa kusoma vyeti vyake.

Hayo yote bado ni ya fundi. Kazi ya wataalamu wa fizikia tiba ndiyo inayofuata, na hapo ndipo wiki zinapokwenda. Mkulima wa Bangalala anayefungua ndiva, bwawa la kienyeji la umwagiliaji, asubuhi, baada ya maji kujikusanya usiku kucha, haridhiki kwa kuona maji yametoka langoni. Anataka kujua ni kiasi gani kimefika kwenye jaruba la mwisho. Hivyo hivyo hapa: kwamba mionzi imetoka kwenye kichwa cha mashine hakumwambii daktari ni kiasi gani kimefika kwenye uvimbe ulio sentimita kumi ndani ya mwili.

Kulijua hilo kunahitaji tangi la maji, kwa sababu mwili wa binadamu mbele ya mionzi hufanana sana na maji. Tangi linawekwa chini ya mashine, linasawazishwa kwa uangalifu, na ndani yake chemba ndogo ya kupimia inasogezwa kwa mota, milimita kwa milimita. Wanapima mionzi inavyopungua kwenda chini: kwa megavolti 6 na uwanja wa sentimita 10 kwa 10, kwenye kina cha sentimita 10 hubaki karibu theluthi mbili ya kilele chake. Wanapima kingo za kushoto na kulia kuona kama zinalingana. Wanarudia kwa uwanja mdogo, mkubwa, mrefu, mwembamba. Namba hizo zote zinaingizwa kwenye programu ya kupangia matibabu, na kuanzia hapo programu itaziamini bila kuuliza tena. Kosa lililoingia kwenye tangi litatoka kwa kila mgonjwa, kila siku, likiwa limevaa sura ya hesabu sahihi.

Kati ya makosa yanayoweza kuingia hapo, lipo moja ambalo mtu wa milimani anapaswa kulielewa kuliko mtu wa pwani. Chemba ya kupimia ni kitundu chenye hewa, ujazo wake sentimita za ujazo 0.6 tu. Mionzi ikipita, inang'oa elektroni kutoka kwenye hewa hiyo, unapatikana umeme mdogo sana, na umeme huo ndio kipimo. Chemba haijazibwa, inapokea hewa ya mahali ilipo. Hewa ikiwa nyembamba, umeme unakuwa mdogo hata kama mionzi ni ile ile.

Kanuni za kimataifa zinataka kipimo kihesabiwe kwa hewa ya nyuzi joto 20 na mgandamizo wa hektopaskali 1013, ambao ni wa usawa wa bahari. Dar es Salaam haiko mbali na hapo. Same na Moshi ziko mita 800 na zaidi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni takribani hektopaskali 915. Juu ya kilele cha Shengena, mita 2,462, ungekuwa karibu 750. Maana yake ni kwamba chemba ileile, mbele ya mionzi ileile, inasoma pungufu kwa karibu asilimia 10 Moshi, na ingesoma pungufu kwa karibu robo nzima ukiipandisha Shengena. Mtaalamu anasahihisha kwa kuzidisha usomaji wake kwa takribani 1.11. Ni hesabu ya mstari mmoja.

Mtego uko kwenye barometa. Taarifa za hali ya hewa, na namba wanazopewa marubani wanaotua Kilimanjaro, kwa kawaida huwa zimerekebishwa zisomeke kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari, ili ramani za nchi nzima zilinganishwe. Mtu aliyekosa barometa ya chumbani akachukua namba hiyo ataona hektopaskali 1015 hivi, ataamua kwamba hakuna cha kusahihisha, na atasadiki kuwa mashine yake inatoa mionzi pungufu kwa asilimia 10. Ataiongeza. Tangu siku hiyo kila mgonjwa atapata karibu asilimia 11 zaidi ya alichoandikiwa, wakati kiwango kinachokubalika duniani kwa jumla ya makosa yote ni asilimia 5. Hakuna atakayehisi kitu kitandani, kwa kuwa mionzi haiumi inapoingia. Kibofu na utumbo mpana ndivyo vitakavyosema, miezi au miaka baadaye.

Kinga yake ni watu wawili na vyombo viwili viwili. Barometa mbili zilizokaguliwa, chemba mbili, na mtaalamu wa pili anayepima upya bila kuona majibu ya wa kwanza. Chemba zenyewe lazima ziwe zimelinganishwa na kiwango kinachotambulika, na Tanzania ina maabara ya kazi hiyo Arusha, chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na ambayo pia ndiyo inayotoa leseni.

Wanaodhani natia chumvi wasome yaliyotokea Toulouse, Ufaransa. Katika hospitali ya Rangueil, mashine mpya ya kutibu uvimbe mdogo wa kichwani ilianza kazi Aprili 2006. Wakati wa kuipima, chemba iliyotumika ilikuwa kubwa mno kwa nyanja ndogo kabisa za mionzi, hivyo ikasoma pungufu. Wagonjwa 145 walizidishiwa dozi kabla kosa halijagunduliwa Aprili 2007. Mashine ilikuwa nzima, haikuwahi kuharibika hata siku moja. Kilichokosewa ni kipimo cha mwanzo.

Hata wenye fedha na wanafizikia wengi kuliko wote hawakusamehewa. Kichapuzi kikubwa cha maabara ya fizikia ya CERN, karibu na Geneva, chenye mzunguko wa kilomita 27 na sumaku kuu 1,232 zinazopozwa hadi nyuzi joto 271 chini ya sifuri, kiligawanywa sekta nane zilizojaribiwa moja moja. Saba kati ya hizo zilipitishiwa umeme wa ampea 9,300 kabla ya mwale kuingia. Ya nane ilikuwa imefika 7,000 tu. Tarehe 10 Septemba 2008 mwale wa kwanza ulizunguka, dunia nzima ikitazama kwenye televisheni. Siku tisa baadaye, wakimalizia jaribio la sekta ile, umeme ulipofika ampea 8,700 kiungo kimoja kati ya zaidi ya 10,000 kiliyeyuka, cheche ikatoboa bomba la heliamu, na sumaku 53 zikalazimika kutolewa chini ya ardhi. Mwale ulirudi Novemba 2009. Tofauti kati ya ampea 7,000 na 9,300 iligharimu zaidi ya mwaka mzima.

Hospitali ina kinga moja ya mwisho ambayo naithamini kuliko zote. Tangu 1969, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani yamekuwa yakituma kwa posta vipimo vidogo vya mionzi. Hospitali inavipiga dozi ya grei 2 kwa hesabu zake yenyewe na kuvirudisha Seibersdorf, karibu na Vienna, ambako vinasomwa na watu wasioijua mashine hiyo wala hawana sababu ya kuipendelea. Majibu yakipishana zaidi ya asilimia 5, kazi inarudi kwenye tangi la maji. Barometa iliyodanganya Moshi itaumbuka huko.

Posta huchukua muda wake, na muda huo hauwezi kufupishwa kwa simu kutoka ofisi yoyote. Kinachowezekana ni kuwa wazi juu yake. Hospitali inapotangaza tarehe ya kuanza, itangaze ile iliyohesabiwa tangu majibu ya Seibersdorf na leseni, wala si tangu mashine ilipowaka, ili familia ya Mamba Miamba inayouza tangawizi kulipia chumba Moshi kwa wiki tano ijue ni Jumatatu ipi hasa iteremke mlimani.