Umeme, Stima na Ziwa Lililoshuka: Uhakiki wa Lugha ya Mabwawa Makubwa katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha inayotumiwa kuyazungumzia mabwawa ya umeme ya Jinja, kwa kuisoma kutoka Busia na Tororo, ambako nyaya za mabwawa hayo na ziwa lililo nyuma yake huvuka mpaka wa Uganda na Kenya. Hoja kuu ni kwamba istilahi "athari zisizokusudiwa" humficha mtenda, na kwamba gharama ya ufichaji huo hulipwa na wakazi wa mwambao.

Utangulizi

Katika mji wa Busia, nguvu ileile huitwa kwa majina tofauti. Upande wa Kenya huitwa stima, neno lililotokana na mashine za mvuke. Upande wa Uganda, Kiganda kina neno masanyalaze. Na kwa miaka 20, tangu Machi 2005 hadi Machi 2025, Umeme lilikuwa pia jina la kampuni iliyosambaza nguvu hiyo na kudai malipo yake. Hivyo neno la Kiswahili lililoanza kwa kutaja mwanga wa radi likaishia kwenye ankara. Majina yote haya hueleza jinsi nguvu inavyomfikia mtumiaji. Hakuna hata moja linaloeleza inakotoka, wala nani hulipa gharama isiyoandikwa kwenye ankara hiyo.

Kufika na Kupita

Uhakiki wa haki hauna budi kuanza na faida. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954, likiwa limekusudiwa kuzalisha megawati 150. Kwa mkataba wa mwaka 1955, Kenya ilikubali kununua megawati 30 kwa muda wa miaka 50, na nyaya zikapitishwa Tororo kuelekea Nairobi. Miaka kadhaa kabla ya Kenya kuwa na bwawa la Kindaruma katika mto Tana, maji ya Jinja yalikuwa tayari yakiendesha mitambo yake. Tororo yenyewe ilikua ikawa mji wa viwanda, ikiwa na saruji na mbolea ya fosfeti ya vilima vya Sukulu. Hata baadhi ya mambo yasiyokuwa shabaha ya mradi yalikuwa heri: maporomoko yaliyozamishwa yalikuwa mazalio ya inzi wanaoeneza upofu wa mtoni.

Hata hivyo, masimulizi rasmi ya faida hizo hutegemea kitenzi kimoja: kufika. Husemwa kwamba umeme umefika Tororo. Kwa kiwanda, kauli hiyo ni kweli. Kwa kaya iliyo chini ya nyaya za kilovolti 132, kitenzi sahihi ni kupita. Waya wa aina hiyo hauwashi taa ya nyumba iliyo chini yake mpaka pajengwe kituo cha kupoza umeme na mtandao wa kuusambaza. Vizazi kadhaa vya wakulima vimelima kandokando ya nguzo hizo, jioni vikarudi kwenye kuni na kibatari. Takwimu za megawati hazitofautishi kufika na kupita. Lugha inaweza kutofautisha, na ndiyo maana uhakiki wa lugha si anasa katika suala hili.

Bwawa Lililochukua Jina la Ziwa

Owen Falls sasa huitwa Nalubaale. Mabadiliko hayo huelezwa kama kurejesha urithi baada ya jina la afisa wa kikoloni kuondolewa. Maelezo hayo ni ya kweli ila hayatoshi. Nalubaale ni jina la Kiganda la ziwa lenyewe, yaani Ziwa Viktoria. Bwawa limechukua jina la ziwa. Na bila yeyote kukusudia, jina hilo limesema ukweli ambao nyaraka nyingi za mradi huukwepa. Kabla ya 1954, kiasi cha maji yaliyotoka ziwani kiliamuliwa na kizingiti cha mwamba pale Ripon Falls. Mwamba huo ulipokatwa na maporomoko kuzama, uamuzi ulihamia kwenye milango ya bwawa. Tangu hapo ziwa zima ni hifadhi ya maji ya bwawa, na mwambao wake wote ni ukingo wa hifadhi hiyo.

Kwa usomaji huu, Majanji upande wa Uganda, na Sio Port na Port Victoria upande wa Kenya, si mahali pa mbali na bwawa. Zimo ukingoni mwake. Lakini barua za makubaliano zilizoliwezesha bwawa hilo zilibadilishwa kati ya Uingereza na Misri, na mhandisi aliyepewa nafasi Jinja ya kusimamia utoaji wa maji alikuwa wa Misri. Mvuvi wa Kisamia, ambaye jamii yake ilikwisha kugawanywa na mpaka, hakuwa na mwakilishi.

Ziwa kama Kiima

Athari ya pengo hilo ilionekana kati ya 2004 na 2006. Ziwa lilipungua hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Maji yalirudi nyuma, magati yakabaki nchi kavu, na mazalio ya samaki kwenye matete yakakauka. Sentensi iliyozoeleka kuhusu kipindi hicho ni "ziwa lilishuka". Kisarufi, ziwa ndilo kiima, na tendo linaonekana kujitendea. Ukame ulichangia sana, na kuukana ni kupotosha. Lakini wakati huohuo, mabwawa ya Nalubaale na Kiira, ambalo mitambo yake ya kwanza iliwashwa mwaka 2000, yalitoa maji kupita kiwango kilichokubaliwa cha kufuata mtiririko wa asili. Ziwa lilishuka, pia lilishushwa.

Mwezi Mei 2020 mambo yaligeuka. Ziwa lilipanda na kuipita rekodi ya mwaka 1964, na nyanda za Budalang'i, zilizozoea mafuriko ya mto Nzoia, zikazingirwa na maji pande mbili. Safari hiyo mvua ndiyo iliyokuwa sababu kuu. Tofauti ya matukio hayo mawili ndiyo hasa inayomdai mwandishi achague kitenzi kwa uangalifu: penye mvua aseme mvua, penye mkono wa mtu autaje.

Hitimisho

Istilahi "athari zisizokusudiwa" imejengwa kwa kauli ya kutendwa. Sarufi ya Kiswahili huiachia kauli hiyo nafasi ya kirai cha "na" kinachomtaja mtenda: zisizokusudiwa na nani? Waandishi wengi huiacha nafasi hiyo wazi, na uwazi huo huwafaa wapangaji. Jambo linaweza kuwa halikukusudiwa kwa sababu halikuweza kujulikana, au kwa sababu wanaolijua hawakuulizwa. Wakazi wa Sio Port na Majanji waliijua tabia ya ziwa lao kabla ya saruji ya kwanza kumwagwa Jinja.

Bujagali ilikamilika mwaka 2012 kwa megawati 250, Isimba mwaka 2019 kwa megawati 183, na Karuma, yenye megawati 600, ilizinduliwa mwaka 2024. Mabwawa yataendelea kujengwa, na nchi zinayahitaji. Linalodaiwa na uhakiki huu ni dogo kwa maneno na zito kwa matokeo: kila ripoti ya bwawa ijaze nafasi iliyo baada ya "na", na ijazwe pande zote mbili za mpaka.