Lubaina Himid na jina la kanga

Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, baba yake Mkomori, mama yake Mwingereza. Baba alifariki mtoto angali mchanga, naye akiwa na umri wa miezi minne akapelekwa Uingereza, ambako alilelewa na mama huyo, mbunifu wa michoro ya vitambaa. Wahakiki wanaopenda kumwita mchoraji wa Zanzibar hupita haraka mahali hapa. Kiswahili hakikumlea.

Ndiyo maana picha zake zilizochorwa kwa mfano wa kanga huleta mashaka. Pindo lipo, mji upo, jina nalo lipo mahali pake, ila limeandikwa kwa Kiingereza. Pingamizi hili ni zito kuliko linavyodhaniwa. Jina la kanga ni fumbo baina ya watu wanaojuana. Ukuta wa jumba la makumbusho hauna jirani wala mke mwenza wa kusemwa. Hata msomaji wa Lubumbashi, aliyezoea vikwembe vinavyopewa majina sokoni bila kuchapwa neno lolote juu yake, atahisi kwamba kuna kitu kimepungua.

Lakini kanga ya kweli katika kazi ya Himid yapasa kutafutwa pasipo na kanga. Alisomea usanii wa jukwaa huko Wimbledon, na jukwaa halikumtoka. Katika Naming the Money ya mwaka 2004, yaani kuipa fedha majina, alisimamisha watu 100 wa mbao wenye kimo cha binadamu: Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya matajiri wa Ulaya, wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, wafunzaji wa mbwa. Mtazamaji hupita katikati yao. Kila mmoja ana majina mawili, la kwao na lile alilopachikwa na bwana wake, na maneno yake yamebandikwa mgongoni juu ya karatasi ya hesabu.

Mgongoni, hasa! Mwanamke wa pwani naye huvaa jina likiangukia nyuma, chini ya kiuno. Hulisoma aliyekwisha kupitwa. Asemaye hafungui mdomo, wala hawezi kushtakiwa kwa alilosema.

Tuzo ya Turner ya mwaka 2017, aliyoipata akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuishinda, baada ya kuondolewa sharti la umri usiozidi miaka 50, ilimtangaza sana. Waliomtangaza walizitazama zaidi nyuso za watu wale wa mbao, na rangi za mavazi yao.