Simba Awindaye: Kitabu cha Padre Donovan na Wasomaji Wake wa Mbali

Vitabu vya wamisionari waliopata kukaa Afrika ya Mashariki ni vingi, na sehemu kubwa yake hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Mhubiri hufika, huteswa na homa na jua, hujenga shule, hubatiza, kisha hurudi kwao kuandika. Kitabu cha Padre Vincent Donovan kiitwacho Christianity Rediscovered, kilichotolewa Marekani mwaka 1978, kina mhubiri, kina jua, na kina ubatizo. Lakini si cha ukoo huo. Humo shule na hospitali ni mzigo ambao mwandishi anautua njiani ili aweze kwenda. Jambo la ajabu zaidi ni wasomaji wake. Kitabu kinasimulia habari za Wamasai wa Loliondo, kaskazini ya Tanzania, lakini wengi wanaokishika mikononi ni watu wa Marekani na Uingereza, ambao huenda wasiione Loliondo maisha yao yote. Hukisoma ili wajue namna ya kusema habari za Mungu kwa jirani zao walioacha makanisa, au waliozaliwa katika nyumba ambazo habari hizo hazikupata kutajwa. Ripoti ya Kanisa la Anglikana la Uingereza ya mwaka 2004, iliyohusu makanisa ya namna mpya, iliyatumia mawazo yake. Basi kitabu hiki kimepewa kazi mbili, na ni haki kuuliza kama kinaziweza zote.

Donovan alizaliwa mwaka 1926, akawa padre wa Shirika la Roho Mtakatifu, akaja Tanganyika katika miaka ya 1950. Loliondo alikuta misheni iliyokamilika: shule zilikuwapo, hospitali ilikuwapo, na mapadre walikaribishwa mabomani kwa heshima. Mwezi wa Mei 1966 alimwandikia askofu wake barua, na barua hiyo ni mlango wa kitabu kizima. Alisema kwamba baada ya kazi yote hiyo hapakuwa na Mmasai mtu mzima aliyeushika Ukristo kutokana na misheni ile, na kwamba watoto waliofundishwa dini shuleni waliiacha pale walipoiacha shule. Aliomba ruhusa ya kuweka kando vyote hivyo, aende mabomani bila zawadi na bila ahadi, azungumze na Wamasai juu ya Mungu tu. Nyuma ya ombi hilo kulikuwa na kitabu cha Roland Allen cha mwaka 1912. Allen, padre wa Kianglikana aliyepata kufanya kazi Uchina, aliwauliza wamisionari kwa nini wanakaa mahali pamoja miaka mingi hali Paulo mtume alipita, akafundisha, akawaachia watu kanisa lao.

Mzee Ndangoya, alipoelezwa sababu ya ujio huo mpya, aliuliza kwa utulivu: ikiwa hilo ndilo lililowaleta hapa, kwa nini mmekaa siku zote hizi bila ya kulisema? Swali hili ni hukumu, na sifa ya Donovan ni kwamba amelichapisha bila ya kulijibu. (Mabishano yake juu ya shule yalimalizwa kwa sehemu na mkono mwingine: sheria ya mwaka 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa serikali ya Tanzania.)

Mwendo wake ulikuwa mwepesi kueleza. Alizitembelea jumuiya chache, kila moja mara moja kwa juma, muda wa mwaka mmoja. Kwanza aliwauliza wazee wanafikiri nini juu ya jambo la siku hiyo, walisema, akasikiliza, kisha alisema lake. Mwisho wa mwaka waliachiwa uamuzi. Nathari yake inafuata mwendo uo huo. Haipambi mandhari kupita kiasi, ijapokuwa nchi ile ingempa mwandishi mvivu kurasa hamsini za milima na mawingu. Anapotoka katika mabishano ya wazee na kuingia katika nadharia ya kanisa, kalamu yake huwa nzito na hurudia maneno. Sura hizo zingepungua nusu, msomaji asingekosa kitu.

Ukurasa bora wa kitabu umo katika habari za Ibrahimu. Padre alikuwa akiwaambia wazee kwamba Engai wao wamemfunga ndani ya kabila lao, wakadhani anawapenda wao kuliko watu wote, na kwamba yafaa waondoke kama Ibrahimu wakamtafute Mungu aliye juu ya makabila. Wakanyamaza. Kisha mmoja akauliza: na kabila lenu, je, wamemwona Mungu huyo? Wamemjua? Donovan alikuwa na jibu la seminari tayari mdomoni, akalizuia. Alifikiri juu ya mataifa ya Kikristo yaliyomfanya Mungu askari wa upande wao katika vita, akajibu kwamba hapana, kabila lake halijamwona. Nao pia wanamtafuta. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika ukurasa huu aliyepona ni mgeni.

Ni kwa ajili ya jibu hilo kwamba kitabu kimevuka bahari. Msomaji wa Marekani anajiona humo akiwa katika kabila lisilomjua Mungu, na kwa mara ya kwanza hasemwi na adui wa dini wala na mhubiri wa mkutano wa hadhara, bali na padre wake mwenyewe mbele ya wageni. Hapo kitabu kina nguvu ya kweli. Lakini wengi wa wasomaji hao hawakuishia hapo: wamekigeuza kuwa kitabu cha kanuni, wakidhani kwamba lililofanyika bomani laweza kufanyika mjini, mradi mhubiri aache madhabahu yake akae na watu mahali wanapokutana. Hoja hiyo ina kasoro, na kasoro yake inaonekana vizuri zaidi katika maneno kuliko katika mambo.

Chukua neno imani. Donovan anasimulia kwamba, baada ya yeye mwenyewe kupita katika mashaka, mzee mmoja wa Kimasai alimwambia kuwa neno alilolichagua pamoja na katekista wake kwa maana ya imani halikufaa. Maana yake ilikuwa kukubali jambo tu. Kuamini hivyo, alisema mzee, ni kama mzungu apigaye mnyama kwa bunduki kutoka mbali: macho na kidole ndivyo vifanyavyo kazi. Mtu aaminiye kweli ni kama simba awindaye. Pua, macho na masikio humtafuta mnyama; miguu humfikia; uzito wote wa mwili umo katika mruko na pigo la shingoni; na mnyama akianguka, simba humkumbatia na kumfanya sehemu ya nafsi yake. Kisha mzee akageuza mfano. Sisi hatukuwatafuta ninyi, alisema, wala hatukumtafuta Mungu. Ni yeye aliyetufuata mpaka akatupata. Sisi tulijidhania kuwa simba. Simba ni yeye.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kukaa juu ya ukurasa huu kuliko msomaji wa Kiingereza. Wakatoliki wa Kiswahili waliianza kanuni yao ya imani kwa neno nasadiki, na kusadiki ni kulipokea neno kuwa kweli, yaani karibu sana na lile neno alilolikataa mzee. Imani yenyewe, iliyotoka katika Kiarabu na kulelewa pwani na Waislamu karne nyingi kabla ya misheni, ni pana zaidi. Ni jamaa ya amana na amani. Na katika matumizi ya kila siku mtu mwenye imani ni mtu mwenye huruma, asiyeweza kumpita aliyeanguka. Mzee wa Kimasai angelipata neno hilo angelipunguza lawama yake. Hili si shtaka juu ya Donovan, aliyefanya kazi katika Kimasai kama ilivyompasa. Linaonyesha tu kwamba mahubiri yake yalisimama juu ya lugha ambayo maneno yake makubwa yalikuwa bado yana uzito: Engai alikuwa jina la mvua, la ng'ombe, la baraka ya asubuhi. Mhubiri aliweza kubishana juu ya Mungu ni nani kwa kuwa hapakuwa na ubishi kama neno lina maana.

Mjini Chicago au Birmingham hali ni nyingine, na Kiswahili chenyewe hakijakubaliana juu ya jina la hali hiyo. Wengine husema usekula. Katiba ya Tanzania huieleza nchi kuwa haina dini, lakini hiyo ni sifa ya dola, si ya mtu. Wahenga walikuwa na neno malimwengu, yaani shughuli za ulimwengu huu zinazomsahaulisha mtu akhera yake. Ila mtu wa malimwengu alijua kwamba akhera ipo. Kijana wa leo wa miji hiyo mara nyingi hakusahau kitu, kwa maana hakukabidhiwa kitu. Neno la Mungu kwake ni sarafu iliyosuguliwa hata haionyeshi tena sura ya mfalme. Humuulizi maoni yake juu ya jambo ambalo halimo katika mambo yake, ukangoja siku saba akufikirie jibu. Donovan mwenyewe, katika dibaji ya chapa ya baadaye, anataja shauri la kijana mmoja wa chuo kikuu huko Marekani: mhubiri asiwarudishe vijana walikotoka, wala asiwavute hapo alipo yeye, bali wafuatane hadi mahali papya kwa wote. Shauri ni jema na limependwa sana. Hata hivyo silo lililotokea Loliondo. Kule aliyesafiri zaidi alikuwa padre; wazee walikuwa wamekaa kwao.

Tena walikaa pamoja. Mwaka ulipokwisha Donovan alitaka kuwachagua wa kubatizwa: huyu alihudhuria, yule alikosa, huyu alielewa, yule hakuelewa. Ndangoya alimkatalia. Kwa nini uwatenge watu wetu? Wako wavivu waliosaidiwa na wenye bidii, na wako wenye imani ndogo waliobebwa na wenye imani kubwa. Na yeye mzee aweza kusema kwa niaba ya wote kwamba wanaamini. Padre akawabatiza wote. Alipotafuta neno la kanisa katika Kimasai, alichukua neno la udugu wa rika. Sura hii ndiyo inayosifiwa kuliko zote na wasomaji wa mbali, na ndiyo wasiyoweza kuitumia kabisa, kwa kuwa katika miji yao hakuna mtu awezaye kusema tunaamini kwa niaba ya ghorofa moja ya nyumba anayokaa.

Lakini je, hata Loliondo mzee alisemea wote? Hapa ndipo kitabu kinapohitaji kusomwa pamoja na kingine. Mwaka 2005 Dorothy Hodgson, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, alitoa The Church of Women, utafiti juu ya Wamasai na mapadre wa shirika lile lile la Donovan. Anaonyesha kwamba mapadre waliwataka wanaume, wakabadili njia zao mara kwa mara ili wawapate, kutoka shuleni hadi mabomani, na kutoka mabomani hadi kwa mtu mmoja mmoja. Waliokuja wakayajaza makanisa ni wanawake, na baadhi yao walikuja ijapokuwa waume zao waliwakataza. Wanawake hao walikuwa na njia yao kwa Engai tangu zamani, katika nyimbo na maombi, na jina lenyewe katika sarufi ya Kimasai ni la jinsia ya kike. Donovan hakuwa kipofu kabisa. Anaeleza jinsi wanaume wasiokula mbele ya wanawake walivyopaswa kushiriki nao mkate mmoja katika Misa, na anajua kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mahubiri yake mengi. Walakini katika mabishano ya mwaka mzima wanawake wake husikiliza, na wazee husema. Kitabu kinachotaka kusikiliza kabla ya kusema kimesikiliza upande mmoja wa boma.

Kwa sababu hiyo sura yenye kudumu si ile ya ubatizo. Jumuiya moja, ambayo padre aliitembelea kwa uaminifu ule ule na kuifundisha mambo yale yale, ilimjibu mwishoni kwamba imesikia, imeelewa, na haitaki. Hakukuwa na hasira wala dhihaka. Donovan aliondoka, na anaandika kwamba siku hiyo alifahamu kuwa habari isiyoweza kukataliwa haiwezi pia kupokewa. Mhubiri wa mijini, mwenye hesabu ya viti vitupu mbele yake na paa la kanisa linalovuja, hawezi kwa urahisi kuondoka hivyo. Hurudi kwa jina jingine, na muziki mwingine, na chai. Padre alirudi njia aliyojia, na kitabu kinaendelea na habari za jumuiya nyingine. Aliyejibu siku ile alijibu kwa niaba ya wote. Kitabu hakisemi kama ndani ya nyumba za udongo na samadi, nyuma ya wazee waliokaa, palikuwa na mtu aliyetamani jibu liwe jingine.