Turubai la Mahindi Mitaboni: Ukingo Upi Utoke Kwanza

Mavuno ya vuli huanikwa Mitaboni, na kote Kathiani, Machakos, chini ya vilima vya Iveti, tangu Januari hadi Machi inapoingia, na hatari yake iko hapo hapo: masika yanaweza kubisha mapema, mahindi yakiwa bado yametandazwa uani. Maafisa wa kilimo wamehimiza kwa miaka mingi kwamba nafaka isianikwe juu ya udongo mtupu, na turubai la kuanikia limekuwa kifaa cha kawaida katika maboma mengi. Kuhusu turubai la pili, lile la kufunikia, husemwa machache mno. Tunaambiwa tuwe nalo. Hatuambiwi likae wapi, likunjwe vipi, wala mtu akilishika wakati upepo wa mvua umeshafika ni ukingo upi utakaomtokea mkononi kwanza. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kasi ya kufunika mahindi huamuliwa siku turubai linapokunjwa, na kwamba boma lenye turubai la bei rahisi lililokunjwa kwa mpango huokoa mavuno mengi kuliko boma lenye turubai zito lililosokotwa na kutupwa juu ya magunia.

Kwa nini nizungumzie dakika chache kwa uzito huu? Kwa sababu historia ya sehemu hii imeandikwa kwa mahindi yenye unyevu. Mwaka 1981, wilayani Machakos, watu 20 walilazwa kwa ugonjwa wa ini uliotokana na aflatoksini, ile sumukuvu inayoachwa na kuvu wa Aspergillus, na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004 balaa lilirudi kwa ukubwa zaidi katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika: wagonjwa 317, vifo 125. Mwaka huo mvua zisizo za msimu zilikuta mavuno ya Februari yakiwa bado hayajakauka, na uchunguzi uliofanywa Makueni na Kitui ulionyesha kwamba familia za wagonjwa zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuhifadhi mahindi yakiwa mabichi kuliko familia za majirani waliobaki wazima. Mahindi hutoka shambani na unyevu unaoweza kupita asilimia 20, na ili yahifadhiwe salama yanapaswa kushuka hadi asilimia 13.5 au chini yake. Safari hiyo huchukua siku kadhaa za jua kali. Mvua moja ya alasiri hairudishi nyuma siku moja tu, maana mbegu hunywa maji haraka kuliko zinavyoyatoa, na yale yaliyojikusanya katikati ya tabaka hubaki humo hata ganda la juu likionekana kavu.

Jibu la kwanza ambalo mtu hulifikiria ni kukusanya: shika pembe nne za turubai la chini, vuta, ingiza ndani. Hebu tupige hesabu. Mahindi yaliyopukuchuliwa na kutandazwa kwenye eneo la mita 3 kwa 5, unene wa sentimita 3, yana ujazo wa karibu mita 0.45 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya mahindi ina uzito wa takriban kilo 720. Basi hapo uani pamelala zaidi ya kilo 320, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 90. Hakuna watu wawili wa kuinua mzigo huo, na turubai jepesi lingechanika kwenye pembe kabla ya kusogea. Kuyazoa kwa karai na kuyatia magunini ni kazi ya muda mrefu kuliko onyo la mvua. Kinachobaki ni kuyafunika pale pale yalipo, na hapo ndipo mkunjo wa turubai unapoingia katika hesabu.

Mvua ya radi hutanguliwa na upepo. Hewa iliyopozwa ndani ya wingu huanguka kwa kasi, ikigonga ardhi hutawanyika pande zote, na ubaridi wake hufika uani kabla ya matone. Upepo huo ni onyo na ni kikwazo kwa pamoja: unakupa dakika za kutenda, na katika dakika hizo hizo unataka kulinyakua turubai lako. Mtazame mtu aliye na turubai lililokunjwa ovyo. Kwanza anatafuta lilipo. Pili analitikisa lifunguke, nalo linajaa upepo kama tanga likiwa halijashikizwa popote. Tatu, likishafunguka nusu, anagundua kwamba ameshika ukingo mfupi mahali pa mrefu, hivyo analizungusha lote juu ya mahindi, huku kamba za pembeni zikiwa zimefungamana fundo juu ya fundo. Kati ya hatua hizo tatu hakuna hata moja iliyofunika punje moja. Zote zilikuwa kazi za siku ya kukunja zilizoahirishwa hadi wakati mbaya kuliko wote.

Sasa tuangalie mpango unaoziondoa. Turubai la mita 4 kwa 6, kipimo ambacho mashirika ya Msalaba Mwekundu hukitumia katika misaada na ambacho kinakaribiana na yale yanayouzwa madukani, hufunika eneo la mita 3 kwa 5 na kuacha nusu mita kila upande. Kwa hiyo kanuni ya kwanza iko kwenye kuanika: usitandaze mahindi hadi ukingoni mwa turubai la chini. Kisha chagua ukingo mmoja mrefu uwe wa upepo, yaani utakaokaa upande ambako mvua ya boma hilo hutokea kwa kawaida (wenyeji wa kila mteremko wanaujua), na uutie alama isiyofutika, rangi au kitambaa chekundu kilichoshonewa. Ukingo huo ndio unaolala chini kabisa. Kutoka hapo turubai hukunjwa kwenda na kurudi, mkunjo juu ya mkunjo, hadi libaki kama ukanda wa urefu wa mita 6. Idadi ya mikunjo iwe witiri: saba, kila mmoja wa sentimita 57 hivi. Sababu yake si ushirikina. Mikunjo ikiwa witiri, ukingo wa pili huishia juu ukielekea mahindi, na upepo unaokuja kutoka nyuma hukuta mikunjo iliyofumbwa, hauna mdomo wa kuuinua. Ikiwa shufwa, mdomo wa juu hugeukia upepo, na turubai hupeperuka kabla hujaligusa.

Wakati wa kuanika, ukanda huo haukai ghalani. Unalazwa kando ya mahindi upande wa upepo, ukingo wake wa chini ukiwa tayari umeshikizwa kwa vigingi vilivyopita kwenye pete za chuma, au kwa vifuko vya mchanga. Mchanga unashinda mawe, kwa kuwa mawe yenye ncha hutoboa plastiki, na tundu dogo juu ya tuta la mahindi ni mfereji. Kwenye pembe mbili za ukingo wa juu hufungwa kamba moja ndefu inayokutana mbele kama hatamu, nayo hulazwa juu ya mahindi hadi upande wa pili. Mvua ikija, mtu mmoja anaenda upande huo wa pili, anashika hatamu na kuvuta kwa kurudi nyuma: mkunjo wa saba hufunguka, kisha wa sita, kisha wa tano, na upepo ule ule uliokuwa adui unaliegemea turubai kulisukuma mbele badala ya kuliingia chini. Vifuko vya mchanga vinavyomngoja huko vinamaliza kazi. Kama kuna nafasi kabla ya hapo, mahindi yavutwe kwa ubao kuelekea katikati yawe tuta, ili maji yateremke pande mbili. Turubai lililolala bapa hukusanya dimbwi, na dimbwi hutafuta tundu.

Ukanda hufungwa ili usifumuke kabla ya wakati, na hapa wengi hukosea kwa kutumia kamba ya katani iliyokazwa. Katani ikilowa huvimba na fundo hujikaza zaidi. Kifungo kinachofaa ni dhaifu kwa makusudi: uzi wa pamba au ufumwale mkavu wa mgomba, unaokatika hatamu inapovutwa. Mabaharia wa majahazi wa pwani yetu waliijua kanuni hii zamani. Tanga lilifungwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, kwa vifungo vyepesi, likapandishwa likiwa bado limefungwa, na likafunguka kwa mvuto wa kamba ya chini, kwa sababu kupandisha tanga lililokwisha kushika upepo ni kupigana na mzigo ambao ungeweza kuusubirisha. Wanaopiga kambi milimani nao hufuata mantiki hiyo kwa umbo jingine. Kwao kitu cha kwanza ni kamba ya mgongo inayofungwa kati ya miti miwili, kwa hiyo turubai huingizwa mfukoni hivi kwamba ncha ya kamba hiyo inaingia mwisho na kutoka kwanza. Pembe hushikizwa kwenye kamba kwa fundo la Prusik, ambalo Karl Prusik wa Austria alilitangaza mwaka 1931, fundo linaloteleza ukilisukuma na kukaza likivutwa. Wengine hawakunji kabisa, wanashindilia tu turubai mfukoni, na hata mkunjo wa kudumu unaochosha kitambaa wanauepuka. Hilo halipingi hoja yangu. Anayeshindilia huku ameacha ncha sahihi mdomoni mwa mfuko amepanga kilicho muhimu. Mahindi yanadai ukingo badala ya kamba, basi.

Yapo mapingamizi mazito kuliko hilo. La kwanza ni kwamba watu wengi wakishirikiana, hata turubai lililosokotwa hufunika. Ni kweli, na Ukambani hapakosi desturi ya kushirikiana. Vikundi vya mwethya vilichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye vilima vya Machakos yote. Lakini mwethya hukutana kwa kazi iliyopangwa siku yake. Mvua ya saa tisa alasiri siku ya Jumanne huwakuta watoto shuleni, wazazi kazini au sokoni, na nyumbani pengine amebaki nyanya mmoja. Mpango wowote unaohitaji watu wanne ni mpango wa Jumapili. La pili ni kwamba siku hizi kuna mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Kamerun, na kuna mashine za kukaushia nafaka katika maghala ya Bodi ya Nafaka. Mifuko hiyo huua wadudu vizuri sana, lakini haikaushi chochote; ukifungia humo mahindi yenye unyevu umeyafungia unyevu wake. Mashine hukausha kweli, ila mwenye magunia matatu angelipa nauli kwenda na kurudi juu ya ada, hivyo mahindi yake hubaki yakianikwa uani.

Pingamizi la tatu nalikubali kwa sehemu. Kuvu huanza shambani, hasa ukame unapoyachosha mahindi, na turubai halifiki huko. Ndiyo maana dawa ya kibayolojia ya Aflasafe KE01, ambayo shirika la utafiti wa kilimo la KALRO huizalisha Katumani, hapo hapo Machakos, hutawanywa shambani mimea ikiwa bado imesimama. Lakini kuvu aliyetoka shambani huongezeka au hukwama kulingana na unyevu anaoukuta nyumbani, na kufunika kwa haraka ni sehemu ya kumnyima huo. Kuna na la nne, ambalo watu wazima huliona mapema: plastiki juu ya mahindi mabichi huyatia jasho. Kwa hiyo turubai liondolewe mara tu mvua inapokatika, na jua likirudi mahindi yageuzwe. Mkunjo wa kwenda na kurudi husaidia hapa pia, kwa kuwa turubai hurudishwa kwenye ukanda wake kwa hatua zile zile kinyumenyume. Aliyelifunua kwa shida hushawishika kuliacha usiku kucha, na usiku huo ndio wa hatari.

Msimu ukiisha, turubai lifutwe na kuanikwa pande zote mbili likauke kabisa, likung'utwe punje zote, kwa maana panya huifuata punje moja iliyobaki ndani ya mkunjo na kutoboa tabaka saba kwa mpigo. Lisiachwe juani bure. Miale ya jua huifanya plastiki iwe kavu na yenye kukatika. Ukanda wa mita 6 hukunjwa kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati, ili ukiuweka katikati ya upande wa upepo msimu ujao ncha zifunguke kulia na kushoto bila kulitafuta turubai mwanzo wake. Hatamu ibaki imefungwa kwenye pembe zake, imezungushwa peke yake na kubanwa kwa mpira wa tyubu. Kifurushi kining'inizwe kwenye boriti, mbali na sakafu na mbali na magunia. Na katika boma ambalo mchana hubaki mtu mmoja, ni vyema mtu huyo huyo, awe nyanya au kijana aliyemaliza shule, alikunje turubai mwishoni mwa msimu na kulifungua mara moja juu ya uwanja mtupu kabla ya mahindi kuletwa, maana alama nyekundu humsaidia zaidi aliyeishona mwenyewe.